Utulivu wa Nyumba ni wa Nani?

Mtu aondokapo asubuhi huwaaga watu wake kwa kusema, "Naenda kazini." Mwalimu wa sarufi akilitazama neno hilo kwa makini ataona jambo la ajabu kidogo. Kazi si mahali. Kazi ni tendo. Lakini tumeitia kiambishi -ni, kile kile tunachokitia katika nyumba, shamba na soko, na mara ikageuka kuwa pahali pa kuendea na pa kurudia. Lugha ilikuwa imekwisha kukata shauri tangu zamani kwamba kazini ni kule na nyumbani ni huku, na katikati yake iko njia. Njia hiyo, iwe ya dakika kumi kwa miguu au ya saa mbili katika gari la abiria, tuliizoea kwa kuilalamikia. Haikutupitikia kwamba nayo ilikuwa na faida yake.

Mwezi wa Machi, 2020, njia hiyo ilikatwa. Tarehe 11 Shirika la Afya Duniani lilitamka kwamba UVIKO-19 ulikuwa janga la ulimwengu mzima. Hapa kwetu Uganda shule zote zilifungwa tarehe 20 ya mwezi huo, kabla hata mgonjwa wa kwanza hajatangazwa nchini. Baada ya siku chache magari ya abiria yalisimamishwa, pikipiki za bodaboda zikakatazwa kubeba watu, na mwezi ulipokwisha ikawekwa kafyu ya kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Wanafunzi wapatao milioni 15 walibaki majumbani, na walimu wao pia. Madarasa ya mitihani yalirudi Oktoba mwaka huo, mengine yakafuata kwa mafungu, kisha shule zikafungwa tena Juni, 2021, wala hazikufunguliwa kwa wanafunzi wote mpaka tarehe 10 Januari, 2022. Kwa takriban miaka miwili, basi, kazini na nyumbani vilikuwa chini ya paa moja.

Mengi yamekwisha kusemwa juu ya miaka hiyo: masomo yaliyopotea, wasichana waliopata mimba kabla ya wakati, uchumi uliodhoofika. Sikusudii kuyarudia. Nataka kuuliza swali moja la kimaadili ambalo, kwa maoni yangu, halijaulizwa vya kutosha. Mtu anayefanyia kazi nyumbani huhitaji utulivu. Utulivu huo hutoka wapi, na ni nani anayeulipia?

Huenda mtu akasema kwamba swali hili limepitwa na wakati kwa kuwa janga limekwisha. Sivyo. Mwaka 2022 huo huo wa kufunguliwa shule, ugonjwa wa Ebola ulizuka nchini, na muhula wa mwisho ukafupishwa kwa majuma mawili. Isitoshe, wako wengi ambao kazi yao haikurudi yote ofisini; sehemu yake imebaki sebuleni hadi leo. Mgeni siku mbili, walinena wahenga, ya tatu mpe jembe. Huyu mgeni wetu amekaa miaka, wala hatukumpa jembe. Yeye ndiye aliyetushikisha jembe, akatuonyesha pa kulima.

Kabla ya kuendelea yafaa tufahamiane juu ya neno siha. Waandishi wa katiba ya Shirika la Afya Duniani, iliyotiwa sahihi mwaka 1946 na kuanza kutumika mwaka 1948, hawakuridhika kuiita afya kuwa ni kukosa maradhi tu. Waliitaka iwe hali njema ya mwili, na ya akili, na ya kuishi na watu. Mambo matatu, si moja. Nitayapima matatu hayo kwa zamu.

Ama kuhusu mwili, hapana shaka kwamba kukaa nyumbani kuliwakinga wengi. Ugonjwa ule ulisafiri kwa pumzi, na aliyekaa mbali na pumzi za watu alijiepusha nao. Jambo hilo tusilidharau, maana wako wenzetu ambao hawakujaliwa nafasi hiyo, na tuliwazika. Lakini mwili nao ulilipa gharama zake ndogo ndogo. Kiti cha kulia chakula hakikutengenezwa kwa ajili ya mtu wa kukikalia saa nane. Mgongo ulilia, shingo ikakakamaa, na macho yakachoka kwa kusoma maandishi ya wanafunzi katika kioo cha simu kisichozidi upana wa kiganja.

Ama kuhusu akili, hasara kubwa ilikuwa kupotea kwa kengele. Kengele ya shule huamuru kuanza na huamuru kuacha. Na huko kuacha ndiko kulikotutoka. Mwalimu aliyekuwa akifunga daftari lake saa kumi na moja jioni alijikuta akimjibu mzazi saa nne za usiku, na mwanafunzi saa kumi na moja za alfajiri. Hapo ndipo tulipotambua faida ya ile njia tuliyoilalamikia. Kwa kutembea kutoka shuleni hadi nyumbani mtu alikuwa akiuvua ualimu hatua kwa hatua, hata akifika mlangoni kwake alikuwa tayari baba, au mama, au jirani. Njia ilipokatwa, mtu alitakiwa avue vazi moja na kuvaa jingine pale pale alipoketi, na aghalabu aliyavaa yote mawili kwa pamoja.

Hayo mawili yamezungumzwa sana, na dawa zake ni rahisi kuzitaja: tafuta kiti kizuri, weka saa za kuacha, nyosha miguu. Lakini hili la tatu, la kuishi na watu, ndilo lililo gumu, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Watu wengi walipolitaja walimaanisha upweke: kwamba mfanyakazi aliwakosa wenziwe wa ofisini. Ni kweli, lakini nyumbani nako kulikuwa na watu. Ni vipi tuliishi na hao tuliokuwa nao?

Hebu kwanza tutoke nje ya nyumba kidogo. Tarehe 30 Machi, 2020, Rais Museveni alipotangaza masharti makali zaidi, wauzaji wa vyakula masokoni walitakiwa wasirudi makwao kwa muda wa siku 14, bali walale huko huko sokoni. Viwanda vilivyotaka kuendelea vilitakiwa viwaweke wafanyakazi wake karibu na mitambo. Mjini Kampala wanawake walilala kati ya meza zao za biashara, wengine chini ya vyandarua walivyovitundika juu ya mafungu ya bidhaa, ilhali watoto wao wako majumbani na wengine. Zingatia jambo hili. Katika mwezi mmoja na katika nchi moja, kuna watu ambao kazi iliwafuata nyumbani, na kuna watu walioiacha nyumba ili wasiiache kazi. Na hao wa pili ndio waliowalisha wa kwanza. Ndizi niliyoila nikiwa nimeketi kwa amani sebuleni ilipitia mikononi mwa mama ambaye hakuwa na sebule kwa wiki mbili.

Lilikuwako pia kundi la tatu, la wenzetu wa shule za watu binafsi. Wao kazi haikuwafuata nyumbani wala hawakuifuata. Ilikoma, na mshahara ukakoma nayo. Kuna waliouza mboga, kuna waliofyatua matofali, kuna walioendesha bodaboda, na kuna ambao hawakurudi tena darasani hata shule zilipofunguliwa. Tulioajiriwa na Serikali tuliendelea kupokea mshahara. Kwa hiyo neno "kufanyia kazi nyumbani", ambalo magazeti yalilitaja kama kwamba ni jaribu lililowapata watu wote, kwa hakika lilikuwa ni fungu la wachache. Kulalamikia fungu hilo si kosa; kosa ni kulalamika bila ya kujua kwamba ni fungu.

Sasa na turudi ndani. Si vizuri kuwahukumu watu kwa kosa ambalo mtu mwenyewe hajalikiri, kwa hiyo nitaanza na nyumba yangu. Tuna sebule moja na vyumba viwili. Mke wangu ni fundi wa kushona, na kwa miaka kumi na mmoja cherehani yake ya miguu ilikuwa imewekwa karibu na dirisha la sebule, kwenye mwanga. Shule ilipotutaka turekodi masomo na kuwatumia wanafunzi kwa simu, niliona kwamba mtandao hupatikana vizuri pale pale dirishani. Niliivuta meza yangu hapo. Kila asubuhi nililipa ile kodi ya shilingi 200 iliyotozwa siku hizo kwa mtumiaji wa WhatsApp na mitandao mingine ya aina hiyo, kisha nikatoa amri. Watoto waende uani, tena kimya. Redio izimwe. Na cherehani isimame, kwa sababu mlio wake uliingia katika sauti yangu.

Mke wangu hakubisha. Yeye na mtoto wetu mkubwa waliishika cherehani huku na huku wakaitoa nje, wakaiweka chini ya mfenesi. Wakati ule watu wote walikuwa wakitafuta barakoa, naye alikuwa na kazi nyingi kuliko alizopata kupata. Lakini Aprili kwetu ni mwezi wa mvua. Mawingu yalipokusanyika waliiingiza ndani. Yalipotawanyika waliitoa tena. Na siku nyingine walifanya hivyo mara tatu. Mimi niliyaona hayo kwa pembe ya jicho, nikahesabu kwamba ni msaada unaostahili kutolewa kwa mtu aliye kazini.

Siku moja nilikuwa nikirekodi somo la ngeli ya mahali. Mvua ilikuja ghafula. Aliingia mbio na kitambaa amekikumbatia kifuani, kimelowa, akasimama mlangoni, akangoja mpaka nilipomaliza sentensi yangu na kuzima simu. Ndipo aliponiambia kwa upole, "Mwalimu, na mimi niko kazini."

Sikupata jibu. Nilikuwa nimetoka kuwaeleza wanafunzi, kwa mifano sita, jinsi kiambishi -ni kinavyoifanya nomino iwe pahali, na huyu aliyenisimamia mlangoni alikuwa amenipa mfano wa saba. Kwa miaka kumi na mmoja watu waliponiuliza mke wangu hufanya kazi wapi, niliwajibu, "Hafanyi kazi, yuko nyumbani tu." Sasa nilipoletewa kazi yangu nyumbani, neno "tu" lilipotea. Mimi nilikuwa nyumbani, nami nilikuwa nikifanya kazi, na nilitaka dunia nzima ijue. Ila yeye, ambaye sebule ile ilikuwa karakana yake kabla haijawa ofisi yangu, nilikuwa nimemfukuza kazini bila ya kujua kwamba ana kazi.

Mkasa huu ni mdogo, wala hakuna aliyeumia. Lakini ndani yake limo lile swali. Utulivu niliouhitaji haukushuka kutoka mbinguni. Ulitengenezwa. Ulitengenezwa na mke wangu aliyebeba chuma mvuani, na watoto walioziba vicheko vyao, na redio iliyonyamaza wakati jirani zetu wasio na simu walikuwa wakija kuisikiliza. Kama vile ambavyo nguo haishonwi bila ya fundi, ukimya nao haupatikani bila ya mtu wa kunyamaza. Mimi niliupokea kama haki, na hata shukrani sikutoa, kwa sababu sikuuona. Utulivu ndio chombo cha kazi ambacho mtumiaji wake hakioni, maana kinapokamilika hakuna cho chote cha kusikika.

Najua hoja itakayoletwa dhidi yangu, kwa kuwa nilijiletea mwenyewe usiku ule kitandani. Ni hii: mshahara ulioingia kila mwezi ulikuwa wangu; je, si haki nyumba impishe yule anayeilisha? Hoja hii ina nguvu, na katika nyumba nyingi ndiyo iliyoamua mambo. Lakini nikiichunguza naona ina kasoro mbili. Kwanza, inamgeuza mtu kuwa kipimo cha fedha. Kama anyamaze anayepata kidogo, basi mtoto anyamaze daima, na mzee, na mgonjwa. Na nyumba ambamo wote hao wananyamaza kwa ajili ya mmoja haina siha, hata kama huyo mmoja ana nguvu kama simba. Pili, hoja hii huuhesabu mshahara na kuusahau msingi wake. Mshahara ule niliupata kwa kazi iliyosimama juu ya chakula alichopika mwingine, na sare aliyoifua mwingine, na ukimya uliotolewa na mwingine. Kuudai ukimya kwa nguvu ya mshahara ni sawa na mtu kuidai nguzo imwinamie kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa darini.

Hoja ya pili ni ya upole zaidi. Husemwa kwamba kufanyia kazi nyumbani si jambo geni. Kwa nini basi tulifanye tatizo? Ni kweli si geni. Katika miji ya pwani, ambako lugha hii ilikulia, wanawake wamesuka ukili na kushona kofia majumbani mwao kwa vizazi vingi, na mwalimu wa chuo aliwasomesha watoto nyumbani kwake. Lakini tuangalie jinsi walivyofanya. Msuka ukili husuka huku akizungumza. Mkono uko katika kazi, sikio liko kwa watoto. Kazi yake iliikuta nyumba ikiishi, na haikuitaka ife ili yenyewe ipate kuishi. Na nyumba ya zamani ya pwani ilikuwa na daka na baraza, ambapo mgeni wa shughuli alipokelewa na kukomea hapo. Mambo ya nje yalikuwa na pahali pake, palipo pa nyumba lakini si ndani ya nyumba. Kazi iliyotujia mwaka 2020 haikubisha hodi barazani. Ilipitia katika simu, ikaingia hadi chumbani, na bwana wake alikuwa mbali, hakuuona mfenesi wala mvua. Kwa hiyo tofauti haiko katika kufanyia kazi nyumbani. Iko katika kazi kuijua nyumba au kutoijua.

Wala sisemi kwamba miaka ile haikuwa na heri yake. Baba waliokuwa wakirudi usiku watoto wamekwisha kulala walijifunza kwa mara ya kwanza mtoto yupi huogopa radi. Mimi nilikula chakula cha mchana pamoja na watu wangu kwa siku nyingi mfululizo, jambo ambalo sikupata kulifanya tangu nioe. Lakini katika nyumba nyingine mlango uliofungwa dhidi ya maradhi ulimfungia mtu pamoja na yule anayempiga. Hata Umoja wa Mataifa, mwaka 2020, ulitoa onyo juu ya dhuluma dhidi ya wanawake iliyolifuata janga kama kivuli. Nyumba njema si mlango. Nyumbani si pema kwa sababu ni nyumbani. Hufanywa pema, na wafanyao ni watu.

Basi ni nini wajibu wetu? Naona uko wa namna tatu.

Wajibu wa kwanza ni wa mfanyakazi mwenyewe. Utulivu wa nyumba ni mali ya shirika, mfano wa maji ya mtungi mmoja. Anayetaka kuchota nyingi aombe, aseme kwa muda gani, na akumbuke kuurudisha mtungi umejaa. Sisi, baada ya siku ile ya mvua, tulikaa tukagawana saa. Mimi nilirekodi alfajiri kabla nyumba haijaamka. Kuanzia saa nne dirisha likawa lake mpaka jioni. Siku nilizolazimika kurekodi mchana, cherehani iliendelea kulia nyuma yangu. Hakuna mwanafunzi hata mmoja aliyelalamika.

Wajibu wa pili ni wa mwajiri. Anayempeleka mtu nyumbani na kazi ameazima sebule ya watu, na umeme wao, na ukimya wao. Mwaka 1996 Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Na. 177 kuhusu kazi ya nyumbani, na msingi wake ni kwamba anayefanyia kazi nyumbani asipungukiwe na haki wanazozipata wafanyakazi wengine. Mkataba ule uliwafikiria hasa watu wa aina ya mke wangu, wasukaji na washonaji, ambao kazi zao hazionekani kwa sababu zimo ndani. Ilitubidi sisi wa makaratasi tuingie ndani ndipo tujue kwamba mlikuwa na watu.

Wajibu wa tatu unatuhusu sisi walimu, nao ndio ulionisumbua kuliko yote. Maana nilipokuwa nikimlaumu mwajiri anayepeleka kazi katika nyumba asiyoijua, niligundua kwamba mimi nimekuwa nikifanya hivyo tangu nianze kufundisha. Kila jioni nimewapa wanafunzi kazi za kufanyia nyumbani. Insha, ufupisho, maswali kumi ya sarufi. Kila asubuhi nimewaadhibu wasiozifanya, bila ya kuuliza hata mara moja ukimya wa kuandikia insha ile ulipatikana wapi. Nani alinyamaza? Nani aliosha vyombo vya zamu yake? Yuko mvulana ambaye nyumba yote hunong'ona anaposhika kitabu. Na yuko dada yake, wa darasa lile lile, ambaye hushika kitabu wakati wengine wamelala na taa imebakiwa na mafuta kidogo. Wote wawili huleta daftari, nami huwapa alama kama kwamba wameandikia kwenye meza moja. Daftari la mvulana lilipokuwa safi nilimsifu kwa bidii. Huenda bidii ile ilikuwa ya dada yake.

Siwashauri walimu wenzangu waache kutoa kazi za nyumbani, kwa maana lugha hujengwa kwa mazoezi, na saa za darasani hazitoshi. Nasema tuijue nyumba tunayoipelekea. Tangu shule zilipofunguliwa, mwanzoni mwa kila muhula huwapa wanafunzi wangu zoezi moja ambalo silisahihishi kwa kalamu nyekundu. Huwataka waeleze, kwa aya moja, saa ipi nyumbani mwao ni ya utulivu, na ni nani anayeufanya utulivu huo uwepo. Zoezi lina faida ya sarufi, kwa kuwa hutumia ngeli ya mahali kwa wingi: nyumbani mwetu mna, uani kwetu kuna, mezani pale pana. Lakini faida yake ya pili ni kubwa zaidi. Wengine huandika aya ndefu. Wengine huandika kwamba saa hiyo haipo, nami hao huwaachia darasa wazi kwa saa moja baada ya masomo, nikakaa nao humo nikisahihisha kazi zangu.

Muhula uliopita msichana mmoja alijibu kwa sentensi moja tu: kwamba nyumbani mwao utulivu hufanywa na yeye. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Haina kosa la sarufi hata moja, na sikujua niipe alama gani.